Mtungi Uliolala

Homa Bay,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa dada yangu Edith,

Pokea salamu zangu, hata kama mkono unaozipokea bado umekunja ngumi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kucha zangu zimejaa udongo usiotoka hata kwa brashi, na sababu yake utaijua ukiendelea kusoma. Je, wewe u hali gani? Goti lako limepoa, au bado linatabiri mvua kabla ya redio? Watoto wanaendeleaje na masomo? Na yule jogoo wako mwenye wazimu, aliyekuwa akifukuza wageni mpaka barabarani, bado yupo au mlimla Krismasi? Nauliza kwa dhati. Tangu tumzike Mama sijui habari zenu ila zile ninazozichungulia kwa mlango wa nyuma, yaani kwa shemeji Elkana.

Najua unashangaa mbona barua zama hizi za simu. Dada, umenifungia simu. Nikikupigia, yule mwanamke wa mtambo ananijibu kwa upole kuliko wewe. Basi shemeji alipopita hapa mjini jana kutafuta vipuri vya pikipiki, nilimwomba alale kwangu nipate kuandika. Alisita. Akasema yeye ni mkwe tu, na ndugu wakigombana mwenye akili huchukua jembe akaenda kulima. Nikamwambia jembe atalikuta huko kwenu Migori, ila kwanza anibebee barua na kifurushi. Nilipotaja habari ya mtungi, maskini, alidhani nataka kujaziwa gesi.

Na mbona Kiswahili? Kwa sababu Dholuo yangu na yako zinajuana mno. Tukianza nayo tutagombana kabla ya kumaliza salamu. Kiswahili kinanifanya nivae viatu kwanza ndipo nitoke nje. Tena ukikataa kuishika barua hii, shemeji anaweza kukusomea kwa sauti huku umegeukia ukutani. Najua ndivyo utakavyofanya. Shemeji, kama ndivyo, soma polepole, na usiruke mahali.

Acha nianze pale tulipoachia. Siku ya kugawana vitu vya Mama kule nyumbani Ndhiwa hatukugombania shamba, wala ng'ombe, wala cherehani. Tuligombania mtungi wa maji, dapi ya Mama, ule mweusi wenye shingo fupi na mistari ya kamba mabegani. Nikimweleza mtu hucheka, halafu akinitazama usoni anaacha.

Wewe ulisema mtungi ni wa Nyanya, mama yake Baba, na kwamba kitu cha Nyanya humwendea mjukuu wake wa kwanza wa kike. Ushahidi wako ulikuwa ile hadithi yako ya siku zote. Kwamba ulipokuwa mtoto, mimi sijazaliwa, ulipanda kigoda kutafuta kikombe, ukaning'inia kwenye mdomo wa mtungi, mtungi ukaanguka nyuma yako, pwaa! Hapo hupiga makofi na watoto wako huruka. Ukakimbia nje bila kugeuka, ukajificha ndani ya ghala la mahindi hadi Mama alipokuja kukutoa. Akakwambia usilie, mtungi haukuvunjika, umelala tu. Kesho yake akakupeleka Takawiri kwa shangazi, ukala samaki likizo nzima, na uliporudi mtungi ulikuwa pale pale pembeni, unatoka jasho la baridi kama kawaida. Kwa hiyo, ulituambia, Nyanya hakufinyanga udongo, alifinyanga jiwe. Hadithi hiyo tumeicheka miaka yote, hata Mama alikuwa akicheka.

Mimi nikasema la, mtungi ni wa Mama mwenyewe. Wakati nikimuuguza, asubuhi moja niliusugua kwa mchanga ili nibadilishe maji, naye akanitazama kutoka kitandani akaniambia nisisugue kwa nguvu, kwa maana aliufinyanga kwa mikono yake nikiwa tumboni. Aliyasema hayo akafumba macho. Nami kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza swali, nikidhani nitamuuliza kesho. Kwa hiyo, nikasema mbele ya watu, mtungi huu ni wangu, mimi na huo tumekua pamoja. Wewe ukacheka mbele ya shangazi zetu wote. Ukasema Mama hakuwahi kushika udongo ila ule wa jembe, na kwamba iliyokuwa ikisema ni homa. Nikajibu kwamba labda hadithi yako ndiyo homa. Ukasema mimi ni mwongo tangu utotoni. Nikashika mdomo wa mtungi, ukashika kitako.

Yaliyofuata unayajua. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile hata maji hayakuwamo, uliomwagika ni mtungi wenyewe, vipande sakafu nzima. Ukaniambia nichukue basi magae yangu, ukaondoka kabla ya chakula. Niliyachukua, dada. Niliyachukua kwa hasira, yote, hadi vipande vilivyorukia chini ya kitanda, nikayatia guniani na kuja nayo Homa Bay. Humo guniani yalikaa, nami nikawa napita kando yake kila asubuhi kama mtu anayemkwepa mgeni.

Sasa habari zenyewe. Kazi yangu ni ile ile, katika duka la miwani hapa mjini, kukata vioo na kukaza skrubu. Siku moja akaingia mwanamume mrefu, Mkisii, jina lake Mayaka, miwani yake imeganda udongo mpaka kwenye bawaba. Nikamuuliza kama alizikwa nayo. Akacheka, akasema yeye ni mwalimu wa ufinyanzi, kazi hiyo ameisomea chuoni, na amefungua karakana upande wa ziwani ambako hufundisha kila Jumamosi akisaidiana na mama mmoja mzoefu. Unanijua mimi, swali likinikaa kichwani ni kama mwiba wa samaki kooni. Nikamuuliza kama mtungi uliovunjika unaweza kuungwa. Akasema gundi ipo, utasimama na utapendeza, ila maji hautashika tena. Nikamuuliza la pili, lile lililokuwa likinichoma hasa: je, mtu anaweza kutazama chungu akajua ni nani aliyekifinyanga? Akasema pengine, lakini lazima kwanza ujue chungu kinafinyangwaje.

Nilijiandikisha wiki ile ile. Nisikufiche, sikwenda kutafuta ufundi. Nilikwenda kutafuta ushahidi wa kukushinda.

Dada, laiti ungeniona! Karakana yenyewe ni banda la mabati lenye meza ndefu, magurudumu ya kufinyangia mawili, na tanuri la umeme ambalo Mayaka hulisemesha kama ng'ombe wa maziwa. Yule mama mzoefu anaitwa Phelesia, wa kutoka Lambwe, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mayaka hupima maji kwa kikombe chenye alama. Mama Phelesia huonja udongo kwa ulimi. Hubishana kutwa, huyu akitaja joto la tanuri na yule akitaja rangi ya moto, lakini kila mmoja humwita mwenzake mwalimu, na nimeona kila mmoja akienda kwa siri kukagua kazi ya mwenzake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Wanafunzi tuko wachache. Yupo Mzee Levi, askari jela mstaafu, ambaye tangu aanze hufinyanga vifuniko tu. Vifuniko vya nini, hakuna anayejua. Ukimuuliza anasema vyungu vitakuja vyenyewe.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa gurudumu nizungushe kama wanavyofanya kwenye video. Nikapewa bonge la udongo nilikande. Tulikanda asubuhi nzima. Mama Phelesia alipita akiukata udongo wangu kwa uzi, akinionyesha vitundu vya hewa, akisema, "Bado. Hii udongo iko na maneno mingi ndani. Toa maneno." Nilicheka, lakini nilipoendelea kukanda nilijikuta ninayataja yale maneno kimoyomoyo, mengi yakiwa yako wewe, na udongo ukalainika kweli. Hilo Mayaka alilieleza kwa njia yake: hewa ikibaki ndani, moto huipanua na chungu hupasuka. Nikaona wote wawili wanasema jambo moja.

Halafu yakaja mafunzo ya kujenga chungu. Unaanza na kitako, unaviringisha udongo kama nyoka, unamzungusha nyoka juu ya nyoka, unabana kwa kidole gumba, unakwangua kwa kipande cha kibuyu. Mistari ya mabegani huwekwa kwa kamba fupi iliyosokotwa, unaibingirisha juu ya udongo mbichi na alama zinabaki. Nilipoiona kamba ile ikibingirika, dada, nilisimama. Ilikuwa ile mistari ya mtungi wetu. Nilimuuliza Mama Phelesia maswali mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi. Kwa nini kamba na si kisu? Nani husokota? Kila mwanamke ana yake? Akanieleza kwamba kwao msichana hakujifunza ufinyanzi kwa mama yake. Alijifunza akishaolewa, kwa mama mkwe, na mama mkwe akizeeka humwachia mkaza mwanawe kamba yake. Kwa hiyo alama za nyumba moja hufanana, hata mikono ikibadilika.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Umeona? Nyanya alikuwa mfinyanzi, na Mama alikuwa mkaza mwanawe. Basi Mama alifundishwa! Wewe ulisema hakuwahi kushika udongo kwa sababu hukuwahi kumwona, wala mimi sikumwona, lakini kutoona kwetu si ushahidi. Nilitamani nikupigie papo hapo nikucheke. Nikakumbuka yule mwanamke wa mtambo.

Lakini furaha yangu ilikuwa ya mapema, maana vyungu vyangu vilikuwa vinapasuka. Kila nilichochoma kilitoka na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Mzee Levi alinishauri nifinyange vifuniko. Mama Phelesia alikigonga kimoja kwa kucha, akakisikiliza, akasema udongo wangu ni mtoto mtupu, hauna mzee wa kuushika mkono. Sikuelewa. Akanipeleka nyuma ya banda, kwenye lundo la magae ya vyungu vya kale, akaniambia nichague, nisage kwa jiwe, nichanganye na udongo mpya. Kitu ambacho kimeshaupita moto, alisema, hakiogopi tena, nacho humtuliza mwenzake. Mayaka akaongeza kwamba chembe zile hazinywei tena wakati wa kukauka, ndiyo maana huzuia nyufa. Sisi tumezoea kusema mfinyanzi hulia gaeni, tukimaanisha hana hata sahani nzima ya kulia. Kumbe gae lenyewe ndilo linalokaa ndani ya chungu kipya. Chungu ambacho hakina kingine ndani yake hakifiki mbali.

Nilisaga, nikachanganya, nikafinyanga, na kwa mara ya kwanza chungu changu kilitoka motoni kizima. Kidogo, kimepinda upande, lakini kizima. Nililia, nakwambia bila aibu. Mzee Levi akaleta kimoja cha vifuniko vyake, kikatosha kabisa. Alisimama pale akijipiga kifua.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na sijui hata leo kama lilikuwa zuri au baya. Magae ya Mama yalikuwa kwangu, guniani. Ningeyasaga yote, niyatie kwenye udongo mpya, nifinyange mtungi ule ule kwa mistari ile ile. Ungekuwa wangu bila ubishi, kwa kuwa ningekuwa nimeufanya mimi. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Jumamosi moja nikabeba gunia, nikayamwaga magae juu ya bamba la kusagia, nikanyanyua jiwe.

Ni mazoea ya kazi yangu yaliyoyaokoa. Kipande cha juu kilikuwa cha kitako, kinene, na pale kilipovunjika niliona kitu chekundu. Mtungi wetu ni mweusi nje na wa kijivu ndani, sasa wekundu unatoka wapi? Nikaweka jiwe chini, nikatoa mfukoni kile kioo cha kukuza ninachokagulia miwani, nikatazama. Ndani ya unene wa udongo kulikuwa na chembe, nyingi, nyekundu, zenye kona kali. Na katikati yake moja kubwa kama punje ya hindi, haikusagwa vizuri, na upande wake mmoja ulikuwa laini, na juu ya ule ulaini kulikuwa na mstari wa kamba. Mstari wa kamba, Edith, ndani ya udongo, mahali ambapo hakuna kamba inayoweza kufika.

Nilimwita Mayaka. Alitazama muda mrefu mpaka nikaogopa ataondoka na kioo changu. Akasema hakuna shaka, mtungi huu ulifinyangwa kwa magae ya mtungi mwingine wenye mistari ya namna hii hii, uliokuwa mwekundu chini ya weusi wa moshi, ila yeye hawezi kusema ulikuwa wa nani. Mama Phelesia aliweka kipande cha bega kando ya ile punje, akatazama mistari miwili, wa nje na wa ndani, akasema kamba ni moja. Kisha akapitisha kidole juu ya zile chembe, akasema aliyesaga alikuwa na haraka, au mgongo ulikuwa ukimuuma, maana hakuna mfinyanzi mwenye nafasi anayeacha punje kubwa hivyo. Nikamwambia huyo aliyesaga alikuwa na mimba kubwa, na mimba yenyewe ni mimi.

Akashtuka. Akaniambia kwamba kwa wafinyanzi aliowajua yeye, mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa kugusa udongo wala kusogelea moto wa vyungu. Walisema atavipasua vyungu vya wenzake au vyungu vitampasua yeye. Mwanamke aliyefanya hivyo alifanya kwa siri, na hakutangaza. Sasa nikaelewa kwa nini Mama hakusema miaka yote. Lakini nilipoelewa hilo, swali likawa kubwa zaidi. Mtungi wa Nyanya ulikuwa umevunjika, sawa, vitu huvunjika. Maji yangeweza kukaa ndani ya debe. Ni haraka gani iliyomfanya mwanamke mzito avunje mwiko, asage magae kwa mgongo unaouma, ili tu pembeni mwa nyumba kuwe na mtungi unaofanana na ule wa zamani?

Jibu nililipata wiki iliyofuata, na aliyelileta ni Mzee Levi bila kujua. Tulikuwa tunatoa vyungu kwenye tanuri. Yeye alibeba viwili kifuani ingawa ameonywa. Cha kwanza kikamponyoka kikaanguka juu ya mchanga, ndu, kikabingirika. Mama Phelesia alikuwa amekipa kisogo, anaosha mikono. Hakugeuka. Akasema tu, "Onindo." Kimelala. Mzee Levi akainama kukiokota, na cha pili kikaanguka sakafuni, pwaa! Mama Phelesia bado hakugeuka. Akasema huyo sasa amekwenda, aletewe ufagio.

Nilimuuliza amejuaje bila kutazama. Akashangaa swali langu. Akasema chungu kizima kikianguka husema ndu, na wafinyanzi husema kimelala. Kikivunjika husema pwaa, na hapo hakuna cha kuangalia. Kila mwenye kazi hii anazijua sauti hizo mbili, hata akiwa usingizini.

Nikakaa chini kwenye sakafu, palepale karibu na vile vigae. Mayaka alidhani nimejikata.

Dada, miaka yote umetusimulia ukipiga makofi: pwaa. Hujawahi hata mara moja kusema ndu. Watoto wako wakiigiza husema pwaa. Mimi sikuwepo, nilikuwa tumboni, sijui chochote. Wewe ndiye shahidi pekee aliyebaki, nami nakuuliza kwa unyenyekevu, bila kutaka kukushinda: ulisikia nini?

Kwa sababu kama ulisikia pwaa, basi mtungi wa Nyanya haukulala. Ulivunjika siku ile, mikononi mwa mtoto aliyekuwa akitafuta kikombe cha maji. Na Mama alikukuta ghalani umejikunyata, akaona kwamba utalibeba jambo lile maisha yako yote, maana wewe, Edith, hujui kusahau. Akatumia neno la wafinyanzi, neno alilofundishwa na Nyanya mwenyewe, akasema umelala tu. Lilikuwa uongo. Halafu akakupeleka Takawiri na akarudi peke yake kuugeuza uongo ule uwe kweli. Akamsaga Nyanya, akamkanda, akamfinyanga upya kwa kamba yake, kwa siri, na tumbo lake likigusa udongo. Uliporudi umenona kwa samaki, ukaingia ndani ukaukuta mtungi umesimama. Alihakikisha umesimama.

Basi uliposema mtungi ni wa Nyanya, ulisema kweli. Nyanya yumo, nimemwona kwa macho yangu. Na Mama aliponiambia aliufinyanga nikiwa tumboni, alisema kweli. Kila mmoja wetu alipewa nusu, na badala ya kuziunganisha tukazivuta.

Na sasa nifike pale nilipokuwa nikipaogopa tangu nilipoanza salamu. Nilidhani mtungi ule ni wangu kwa kuwa nilikuwepo ukifinyangwa. Nilijivunia hilo. Niliwahi kufikiri, na nasikia uchungu kuandika, kwamba Mama aliufanya kwa ajili yangu, kwamba kati yetu wawili mimi ndiye niliyefinyangiwa kitu. Si kweli. Aliufanya kwa ajili yako. Mimi nilikuwa abiria tu. Alinihatarisha mimi kidogo ili wewe uweze kulala usingizi, nami nikilifikiria hilo sioni wivu, naona mshangao. Sijui kama mimi ningeweza.

Mtungi ni wako, dada. Ulikuwa wako siku ile uliposhika kitako.

Ndani ya kifurushi nimekuwekea kile kipande cha kitako, na kioo changu cha kukuza nimekifunga kwa kitambaa. Usiniamini mimi, mwongo tangu utotoni. Toka nje penye jua, utafute ile punje nyekundu, uuone mstari. Ukishindwa kushika vyote viwili, shemeji akushikie kipande.

Magae mengine yako hapa, hayajaguswa na jiwe. Mama Phelesia anasema kazi ya kusaga inataka watu wawili wanaokaa wakitazamana, mmoja akisaga na mwingine akichekecha, na kwamba mimi peke yangu nitaacha punje kubwa kama mama yangu. Udongo mpya upo tayari, nimeufunika kwa nailoni na kitambaa chenye maji, nao haungoji mtu milele. Wanasema udongo uuwahi ungali maji. Lakini ukipenda magae yabaki magae, niambie, nitakuletea Migori gunia lote na sitasema neno. Amri ni yako. Jambo moja tu naomba: ukija, usije na maneno. Nitakupa bonge lako uyakande humo, kama nilivyoyakanda ya kwangu.

Nisalimie watoto wote, na jogoo kama bado anaishi. Goti lipake yale mafuta na lisikae kwenye baridi. Shemeji, asante kwa kusoma. Sasa unaweza kuchukua jembe, au kama mambo yamekwenda vizuri, kapu. Mzee Levi anakusalimu ingawa hakujui. Anafinyanga kifuniko kikubwa sasa, na nilipomuuliza ni cha nini, alisema amesikia kuna mtungi unakuja.

Ni mimi mdogo wako, abiria wa tumboni,

Risper